Makadirio ya Mwalimu Bidii

Hadithi hii huisimulia mwenyewe, tena bila kuombwa, na kila akiisimulia hujiongezea kosa moja ambalo safari iliyopita alilisahau. Kwa hiyo tusimwonee huruma mapema.

Alikuwa mwalimu wa hesabu, na juu ya hesabu alikuwa pia mwalimu wa taaluma, yaani yule mwenye funguo za kabati la ripoti, vyeti na mafaili yote ya wanafunzi. Jina alilopewa na wazazi wake lilijulikana na mhasibu tu. Wanafunzi walimwita Mwalimu Bidii, kwa sababu katika kila ripoti ya kila muhula, mahali pa maoni, aliandika maneno mawili: Ongeza bidii. Aliyeshika mkia aliandikiwa aongeze bidii. Aliyekuwa wa kwanza aliandikiwa aongeze bidii. Kuna mmoja aliyehama shule katikati ya muhula, na barua yake ya uhamisho nayo ikamtaka aongeze bidii huko aendako.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na imani yake, na imani yenyewe ilikuwa methali moja tu: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali nyingine alizisikia, hii aliimeza. Mke wake kwa miaka ishirini alipika na kuambiwa "si mbaya", mpaka wiki moja alipogoma kupika, ili naye ajue kibaya kinaitwaje.

Kwa imani hiyo hiyo aliandika makadirio. Vyuo vingi vilifunga maombi miezi kadhaa kabla ya matokeo ya mtihani wa mwisho kutoka, kwa hiyo viliitaka shule iseme mapema: huyu mwanafunzi, kwa mnavyomjua, atapata nini? Mwalimu Bidii alikuwa na fomula. Alichukua alama ambazo alijua kabisa mwanafunzi atazipata, akapunguza daraja moja. Wa A akaandikiwa B, wa B akaandikiwa C. "Akiona B atashtuka," alikuwa akisema, "na akishtuka atasoma." Na kweli wengi walisoma, wakapata A, naye akajipongeza kimoyomoyo kwamba ni ule mshtuko wake. Haikumpitikia kwamba chuo nacho kilikuwa kikiisoma ile B, na kwamba chuo hakishtuki. Chuo humchukua mwingine.

Barua ya mapendekezo ilikuwa habari nyingine. Hiyo mwanafunzi hakuiona, ilikwenda moja kwa moja chuoni, kwa hiyo hapakuwa na mgema wa kuharibika. Tena hakuitunga yeye. Aliikuta kwenye kompyuta ya ofisi, imeachwa na aliyemtangulia, nzuri ajabu: "Katika miaka yangu yote ya kufundisha sijapata kuona mwanafunzi bora kuliko huyu." Kazi yake ilikuwa kumwambia karani abadilishe jina na tarehe. Kwa namna hiyo, katika miaka kumi, alikuwa hajapata kuona mwanafunzi bora kuliko watu sitini na watatu tofauti.

Ripoti zilikaa kwenye faili lake, makadirio kwenye fomu yake, barua kwenye bahasha yake. Kwamba siku moja karatasi hizo zingekutana juu ya meza moja, mbele ya mtu mwenye miwani na muda wa kusoma, hilo hakuliwaza.

Zilikutana. Jumatatu asubuhi karani wa shule aliingia ofisini kwake na karatasi mkononi. Karani huyo alikuwa mwanamke mpole wa miaka ishirini na sita, mwenye kuchapa haraka kuliko watu wengi wanavyosema.

"Mwalimu, kile chuo cha uhandisi kimejibu. Kuhusu binti wa mama fundi."

Binti wa mama fundi alikuwa msichana wa darasa la mwisho, mama yake mshona nguo nyuma ya soko. Alikuwa ameomba nafasi moja tu, kusomea uhandisi wa maji, na chuo kilitaka makadirio ya A katika hesabu na A katika fizikia.

"Wamemkubali?"

"Wanauliza swali."

Barua ilikuwa ya adabu, na hakuna kinachochoma kama adabu. Ofisi ya udahili ilishukuru kupokea hati zote. Kisha ikaeleza kwamba barua ya mapendekezo inamsifu mwombaji kuwa bora kuliko wote. Fomu ya makadirio inampa B ya hesabu, B ya fizikia na C ya kemia. Na ripoti za mihula kumi na moja, ambamo alikuwa wa kwanza mara tisa, zote zinamtaka aongeze bidii. "Tungependa kujua," iliandikwa, "kama shule inamzungumzia mwanafunzi mmoja au watatu." Na chini kabisa: "Aidha, kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba katika miaka minne tumepokea kutoka kwenu waombaji watano, kila mmoja akiwa bora kuliko wenzake wote." Walitoa siku tano. Ijumaa saa kumi alasiri faili la binti lingefungwa.

Mwalimu Bidii aliisoma mara mbili, kisha akafanya kile ambacho mtu mzima mwenye hatia hukifanya kwanza: akamwita mtoto.

Binti akaja, akaamkia, akasimama karibu na mlango mikono nyuma.

"Umewaandikia nini watu hawa?"

"Sijawaandikia kitu, Mwalimu. Nilijaza fomu tu, nikaileta hapa."

"Mbona wanauliza maswali?"

"Sijui, Mwalimu." Akatazama viatu vyake. "Lakini haina shida. Nilipoziona zile B nilijua haiwezekani. Nimeshamwambia mama. Amesogeza meza ya kukatia, cherehani ya pili imepata nafasi."

"Nani kakwambia haiwezekani?"

Binti aliinua uso kwa mshangao wa kweli. "Si wewe, Mwalimu? Wewe ndiye unayejua hesabu."

Hakusema kwa kejeli. Angesema kwa kejeli, Mwalimu Bidii angejua la kufanya, maana kejeli ina adhabu yake. Alisema kwa heshima zote, akimwamini. Huyu mtoto hakuwa ameshtuka akasoma. Alikuwa ameshtuka akakubali.

Binti alipotoka, mwalimu alivuta fomu mpya, akaandika A, A, B kwa kalamu nzito, akamnyoshea karani aitume. Karani hakuipokea.

"Mwalimu, mwezi uliopita tumesema B. Leo tunasema A. Wataona tumeulizwa tukaogopa."

"Lakini hii ndiyo kweli."

"Ndiyo kweli. Ila imekuja ya pili."

Akaenda kwa mkuu wa shule kutafuta huruma. Mkuu aliisoma barua ya chuo akiwa amesimama, akaangua kicheko pale penye waombaji watano, kisha akaacha kucheka alipokumbuka kwamba muhuri ulikuwa wa shule yake.

"Ukilikoroga utalinywa," alisema. "Sitii sahihi A yoyote mpaka uniletee ushahidi. Na ushahidi usiwe maneno yako, maana maneno yako ndiyo kesi yenyewe."

Jioni ile, akirudi nyumbani, mwalimu alipitia nyuma ya soko. Alijiambia anakwenda kuangalia suruali. Chumba cha mama fundi kilikuwa na upana wa kutosha mtu mmoja kugeuka, na kwa kweli meza ya kukatia ilikuwa imesukumwa hadi ukutani. Pale ilipokuwa palikaa cherehani ya pili, imepanguswa, imetiwa mafuta, na kiti chake kimewekewa mto.

"Karibu, Mwalimu," mama fundi alisema, pini zikiwa midomoni, kisha akazitoa ili aseme vizuri. "Nilitaka nije mwenyewe kushukuru. Ulituambia mapema. Wengine huwaacha watoto wajipe matumaini, halafu inakuwa vilio. Wewe umesema kweli tangu mwanzo."

Mwalimu Bidii alijibu kwamba hakuna neno, wajibu wake. Anapofika hapo katika kusimulia hurudia: "Nilisema wajibu wangu." Aliondoka bila suruali.

Karani ndiye aliyepata njia. Jumanne asubuhi alimkuta mwalimu ameinamia fomu ileile ya jana.

"Mwalimu, nimefikiri. Hawa watu hawajui ukisema B huwa una maana gani. Tuwaonyeshe. Kila mwaka, ulichokadiria na kilichotoka."

"Unataka niwapelekee orodha ya makosa yangu?"

"Saa iliyo nyuma dakika kumi siku zote, ukishajua iko nyuma, unaweza kuwahi nayo."

Alitaka kukataa. Alikuwa na heshima yake shuleni, au alidhani anayo. Lakini alikumbuka shukrani za mama fundi, akatoa funguo.

Walifanya kazi hiyo siku mbili, mchana kutwa, katika chumba cha kumbukumbu nyuma ya ofisi, chenye dirisha moja lisilofunguka na vumbi la kutosha kupanda mahindi. Mafaili yalipangwa kwa namba za mtihani, si kwa majina, utaratibu ambao mwalimu mwenyewe aliuanzisha na ndio kitu pekee pale shuleni alichowahi kukisifu. Walianza na mwaka wa karibuni wakirudi nyuma. Yeye alisoma makadirio, karani alisoma matokeo kwenye daftari kubwa huku akichapa.

"Namba kumi na nne. B, C, C."

"A, B, B."

"Kumi na tano. C, C, D."

"B, B, C."

Mwanzoni alitania. Huyu nilimwonea, alisema. Huyu naye nilimkuta na hasira zangu. Kufikia mwaka wa tatu utani ulimkauka. Si kwamba alikuwa ameisahau fomula yake. Jambo ambalo hakuwahi kulifanya, yeye mwalimu wa hesabu, ni kuijumlisha. Mahali fulani alimpata mmoja aliyemkadiria sawasawa, akafurahi hadi akasimama, mpaka karani alipomkumbusha kwamba huyo aliufanya mtihani akiwa na homa kali na ndoo chini ya meza.

Jumatano, baada ya chakula cha mchana, walikuwa wamebakiza mafaili machache.

"Namba ishirini na mbili," mwalimu alisoma. "C, B, C."

Karani aliacha kuchapa.

"Namba ishirini na mbili," akarudia. "Matokeo?"

"A, A, B."

"Lo, hapa nilipitiliza. Hesabu nimemshusha madaraja mawili." Alitikisa kichwa. "Huyu alikwenda chuo gani?"

"Hakwenda."

"Na alama zote hizi?"

"Chuo kilimkataa kwa makadirio. Matokeo yalipotoka nafasi zilikuwa zimekwisha." Alikuwa anachapa huku anasema. "Yuko hapa, Mwalimu. Anakuchapia."

Alijua karani alisoma shule hiyo. Hilo halikuwa siri. Yeye mwenyewe ndiye aliyempendekeza kwa kazi ile ya ofisini, na kwa miaka yote hiyo alijiona mfadhili wake. Kilichomtoka akilini ni alama.

"Si ungeomba tena mwaka uliofuata," alisema, na hata kabla hajamaliza alijua ni maneno ya mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

"Ningeomba. Ila niliona wasahihishaji ndio waliokosea." Hakusema kwa uchungu, alisema kama mtu anayekuelekeza njia ya kwenda posta. "Wewe ulinifundisha miaka minne. Wao walinisoma saa tatu. Nikasema nikienda huko watagundua. Cheti nilikiweka chini ya nguo, nikaogopa hata kukionyesha. Sasa najua. Wakati ule nilikuwa na miaka kumi na minane."

Mwalimu Bidii aliona aibu. Si ile ya kuinamisha kichwa mkutanoni, bali aibu hasa, ya masikio kuwaka na mikono kukosa pa kukaa. Alifungua kinywa, akaona kwamba kila sentensi aliyokuwa nayo ilianza na "mimi nilikuwa na nia nzuri".

"Endelea, Mwalimu," karani alisema. "Ishirini na tatu."

Jedwali lilipokamilika lilikuwa na watu sitini na watatu. Hamsini na saba walipata zaidi ya walivyokadiriwa. Sita walipata sawasawa. Chini ya makadirio hakuna. Kwa wastani alikuwa amempunja kila mmoja karibu daraja moja katika kila somo. Ilikuwa hesabu safi kuliko zote alizowahi kufanya, na jibu lake lilikuwa yeye.

Alhamisi ikabaki barua. Karani, kwa mazoea, aliifungua ile ya zamani. Mwalimu akamwambia aifute. Kioo cha kompyuta kikabaki cheupe, na mwalimu akagundua kwamba juu ya binti wa mama fundi hana la kusema. Miaka minne alikuwa mbele ya macho yake, naye alijua kiti anachokaa na jumla ya alama zake.

Akaomba aletewe madaftari ya hesabu ya binti, yote. Aliyasoma tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho. Majibu aliyajua, ameyasahihisha mwenyewe. Safari hii alitazama pambizo. Humo, kwa penseli, binti alikuwa akilifanya kila swali gumu mara ya pili, kwa njia nyingine ambayo haikufundishwa darasani, kisha akiifuta. Katika daftari la mwaka wa pili sababu ya kufuta ilikuwapo, kwa wino mwekundu: Usichafue pambizo. Mwandiko aliutambua bila shida. Alilichukua swali moja la tangi la maji lenye mabomba mawili, akafuatilia zile alama za penseli zilizofifia akiwa ameliinamisha daftari kwenye mwanga wa dirisha. Njia ya binti ilikuwa mistari mitatu. Ya kwake, anayoifundisha tangu aajiriwe, ilikuwa ukurasa mzima na nusu ya nyuma.

Ndipo akaandika, kwa mkono, karani akachapa bila kubadilisha neno:

"Mwombaji huyu atapata A katika hesabu na A katika fizikia. Fomu ya kwanza ilisema B kwa sababu mimi hupunguza, na nimeambatisha jedwali la miaka kumi kuonyesha nimekuwa nikipunguza kiasi gani. Maneno 'ongeza bidii' kwenye ripoti zake hayamhusu. Nimemwandikia kila mtu. Barua ya kwanza nayo haimhusu, sikuitunga mimi. Ninachokijua juu yake kwa hakika ni hiki: hutatua swali kwa njia mbili, na huificha iliyo bora. Nimeambatisha nakala ya ukurasa mmoja. Alama za kufutwa ni zake. Wino mwekundu ni wangu."

Mkuu wa shule alilisoma jedwali kwanza, halafu barua. Hakucheka. Alitia sahihi, akaipiga muhuri mwenyewe, na Ijumaa saa nne asubuhi vyote vikatumwa.

Jibu lilichukua wiki mbili, na katika wiki hizo mwalimu alifundisha vibaya, akichungulia ofisini kila kipindi kama mtu mwenye mgonjwa hospitali. Lilipokuja lilikuwa fupi. Nafasi imetolewa, kwa sharti kwamba matokeo yafikie A, A, B. Jedwali walilishukuru, wakaomba liambatishwe pia mwakani.

Akamwita binti tena. Safari hii alimpa kiti.

"Wamekupa nafasi," alisema. Akaona haitoshi. "Umefanya..." Neno likakwama, kwa kutotumika lilikuwa limeota kutu. "Si vi... Umefanya vizuri. Vizuri sana."

Binti aliendelea kumtazama, akisubiri ile sehemu ya pili ambayo kwa mwalimu huyu haikuwahi kukosekana. Haikuja. Machozi yakaanza kumlenga.

"Na nisipozipata hizo A, Mwalimu?"

"Nitakuwa nimekadiria juu, na itakuwa mara yangu ya kwanza. Aibu itakuwa yangu. Nenda kamwambie mama yako."

Kukimbia kwenye korido ni kosa, na kosa hilo ameliandika mwenyewe ukutani. Alimwacha akimbie.

Karani, aliyeileta barua ya jibu, alikuwa bado amesimama pembeni ya kabati. Mwalimu Bidii alimgeukia. Kwa wiki mbili alikuwa amebeba wazo moja kifuani, na alilionea fahari.

"Na wewe nitakuandikia," alisema. "Leo hii. Naanza moja kwa moja, kwa maneno yangu, na makadirio ya kweli."

"Asante, Mwalimu. Mimi sihitaji makadirio. Nina matokeo." Akaweka mezani nakala ya cheti chake na fomu iliyokwisha kujazwa. "Wanataka tu nakala ithibitishwe na shule. Nipigie muhuri."

Mwalimu alitazama tarehe chini ya fomu. Ilikuwa ya Jumatano, siku ya namba ishirini na mbili.

"Na hapa nani atachapa barua?"

"Utachapa mwenyewe. Labda utazisoma."

Akapiga muhuri, akatia sahihi, akaandika tarehe. Alizisoma zile alama, A, A, B, polepole, moja moja. Ndipo alipomwomba radhi, kwa kuchelewa miaka minane, kwa maneno machache ambayo hayakukaa sawa na ambayo hadi leo hupenda kuyarekebisha anaposimulia.

"Nimesikia, Mwalimu," karani alisema. Akaupuliza wino wa muhuri ukauke, akachukua karatasi zake, akaenda kuzituma kabla ofisi hazijafungwa.